Avenyu yenu imeoza? Namna ya kuiomba komine (manispaa) iweke lami upya, hatua kwa hatua (Lubumbashi)

Wiki hii tena nimepigiwa simu na mtu wa kartie (mtaa) jirani. "Papa, tuliandika barua tangu mwaka jana, hakuna kitu." Nikamuuliza mambo matatu: barua ilipewa nambari gani, ilielekezwa kwa nani, na iliomba nini hasa. Nambari hakuijua. Kwa nani? "Kwa serikali." Iliomba nini? "Watutengenezee barabara."

Huyo si wa kwanza. Watu wana haki, wana mashimo ya kweli, wana saini mia mbili, na bado barua inalala kwenye droo. Mara nyingi kosa liko kwenye karatasi yenyewe au kwenye mlango uliogongwa. Haya hapa yote mahali pamoja.

## Vitu vya kutafuta kabla ya kuanza

- Daftari moja la kurasa nyingi. Kila kitu kitaandikwa humo: vipimo, tarehe, majina ya mliozungumza nao ofisini.
- Mita ndefu ya fundi, ya mita 30 au 50. Kama haipo, chukueni kamba mfunge fundo kila baada ya mita 10.
- Kijiti chenye alama za sentimita, cha kupimia kina cha mashimo. Rula ya mtoto wa shule iliyofungwa kwenye mti inatosha.
- Simu yenye kamera, na tarehe yake iwe sahihi.
- Farde moja ya karatasi ngumu, karatasi nyeupe, na pesa za kuchapisha na za fotokopi. Hesabuni nakala sita za kila kitu.
- Nakala za kadi ya mpiga kura za watu watatu watakaotia saini kwa niaba ya wote.
- Watu watano wasiochoka. Angalau mmoja awe mama anayeuza kando ya barabara hiyo, kwa sababu yeye anaiona kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Wakati nao ni kifaa. Mvua za Lubumbashi zinaanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili. Pimeni Aprili, mashimo yakiwa bado mapya, barua iingie mwanzoni mwa Mei. Hapo mna kiangazi chote mbele yenu, na lami haimwagwi juu ya matope. Anayeandika Desemba anaomba kazi ambayo hata mwenye nia njema hawezi kuianza kesho.

## Hatua ya 1: Jueni barabara ni ya nani

Hapa ndipo nilipoangukia mimi mwenyewe. Barua yetu ya kwanza ilikuwa nzuri, saini kibao. Tuliipeleka ofisi moja, ikakaa msimu mzima wa mvua, halafu karani akatuambia kwa upole kwamba barabara ile haikuwa yao. Miezi saba imekwenda.

Kwa kifupi mambo yako hivi. Barabara za taifa, kama RN1 inayoshuka Kasumbalesa, ni kazi ya Office des Routes. Barabara kubwa za ndani ya mji pamoja na mifereji yake zinashughulikiwa na OVD, yaani Office des Voiries et Drainage. Avenyu ndogo za ndani ya kartie, komine ndiyo mlango wa kwanza: Kampemba, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Annexe au komine ya Lubumbashi yenyewe.

Msikisie kwa macho. Nendeni kwenye huduma ya urbanisme (mipango ya mji) ya komine, mtaje jina la avenyu, inapoanzia na inapoishia, muulize: "Hii iko chini ya nani?" Andikeni jibu kwenye daftari, na tarehe. Barabara ikiwa mpaka wa komine mbili, barua iende kwa meya wa mji, nakala kwa maburugumestre (wakuu wa komine) wote wawili. La sivyo kila mmoja atasema ni ya mwenzake.

Mkifaulu: mna jina la ofisi moja, na cheo cha mtu mmoja wa kuandikiwa. "Serikali" haina sanduku la barua.

## Hatua ya 2: Pimeni, msilalamike tu

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayobeba barua nzima. Fundi wa ofisi akisoma "barabara imeharibika sana" hana la kufanya nalo. Akisoma "mita 420, upana mita 6, mashimo 63, maji yanasimama sehemu nne", tayari ameanza kupiga hesabu kichwani.

Nendeni asubuhi ya Jumapili, magari yakiwa machache. Mtu mmoja ashike mwanzo wa kamba, mwingine mwisho, wa tatu aandike, wa nne apige picha, wa tano aangalie motari (waendesha pikipiki) wasiwagonge. Mtataniwa, mzoee. Sisi dereva mmoja wa taksi alipunguza mwendo akatuuliza: "Muko munapima lupango (kiwanja) ya nani?" Mama anayeuza vitumbua pale kona akamjibu kabla yetu: "Ya gari yako."

Gaweni barabara katika vipande vya mita 10 na mvipe nambari. Kwa kila kipande andikeni mambo manne: idadi ya mashimo, urefu na upana na kina cha shimo kubwa kuliko yote, hali ya kanivo (mfereji wa kando ya barabara) upande wa kushoto na kulia, na kama maji yanasimama.

Picha zipigwe kijiti kikiwa ndani ya shimo, na kitu kisichohama kikionekana nyuma: ukuta, nguzo, mwembe. Picha ya shimo tupu inaweza kuwa ya mji wowote.

Sasa jambo linalotofautisha barua ya watu wanaojua na ya watu wenye hasira tu. Angalieni lami inaoza kwa namna gani.

Mashimo yametawanyika lakini lami iliyobaki ni ngumu, haina nyufa. Hapo kuziba kunatosha kwa sasa. Mkiomba lami mpya ya barabara nzima mtaambiwa hakuna pesa, na mtakosa hata kuzibiwa.

Lami ina nyufa ndogondogo zilizoshikana kama ngozi ya mamba. Hii ni mbaya zaidi kuliko shimo. Maana yake msingi wa chini umelainika, mara nyingi kwa maji. Ukimwaga tabaka jipya juu yake, nyufa zitapanda zitokeze tena. Hapa ombeni msingi ufukuliwe na kushindiliwa upya kabla ya lami, na mlitaje neno "msingi" kwenye barua.

Kingo zimelika, barabara inazidi kuwa nyembamba. Tafuteni kanivo. Ama haipo, ama imejaa udongo na chupa za plastiki, na maji yanapita pembeni mwa lami yakichimba udongo wetu mwekundu.

Kuna mfereji mdogo wa maji hata kiangazi? Huenda bomba linavuja chini. Hilo lirekebishwe kwanza. Lami ikitangulia bomba, itachimbwa tena baada ya wiki mbili.

Halafu pigeni hesabu moja ndogo, ya kuwafungua macho ninyi wenyewe. Mita 420 mara mita 6 ni mita za mraba 2,520. Lami ya unene wa sentimita 5 juu yake ni mita za ujazo 126, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2.4, mnaomba takriban tani 300. Hizo ni lori 15 za tani ishirini ishirini, kabla hamjataja msingi wala kanivo. Ndiyo maana komine peke yake mara nyingi haiwezi, na ndiyo maana nakala za barua zina kazi.

Upande wa pili: shimo la sentimita 80 kwa 60, kina 12, linakula lita 58 hivi. Burueti (toroli) moja. Kuziba mashimo 63 ni kazi ya siku chache. Komine ikisema hata hilo ni gumu, mna haki ya kuuliza kwa nini.

Mkifaulu: ukurasa mmoja wenye jedwali, picha kumi (si sitini), na mchoro wa mkono unaoonyesha barabara na sehemu za maji.

## Hatua ya 3: Kusanyeni watu, kwa utaratibu

Anzeni kwa shefu wa kartie. Hata kama hamumpendi. Akisikia habari kwa watu wa nje ataona amerukwa, na burugumestre atakapomuuliza atajibu "mimi sijui jambo hilo". Mpeni ukurasa wa vipimo, mwombeni aje kwenye mkutano na atie saini yake kama shahidi.

Orodha ya saini iwe na safu nne: jina kamili, nambari ya lupango, avenyu, saini. Wapangaji wanatia saini pia, barabara haiwaulizi hati ya nyumba. Mtu asiyejua kuandika apige dole gumba, na mwingine aandike jina lake pembeni.

Maonyo mawili. Msikubali mtu aje na fulana au bendera ya chama, hata akilipa fotokopi zote. Siku hiyo hiyo barua inageuka kuwa ya siasa. Na msichangishe pesa bila daftari la mapokezi: mia tano mia tano za faranga zisizo na maandishi zimevunja kamati nyingi kuliko mvua ilivyovunja lami.

Saini 80 za watu wanaojulikana zinashinda 400 zenye mwandiko mmoja. Makarani si vipofu.

## Hatua ya 4: Barua yenyewe

Iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi. Lakini kabla ya saini isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote, mstari kwa mstari. Mtu asitie saini kitu asichokielewa.

Ukurasa mmoja. Vipimo, picha na saini ni viambatisho. Kiini chake kwa Kiswahili kiwe hivi. Mwalimu wa jirani atakigeuza kwa Kifaransa:

> Kuhusu: Ombi la kutengeneza avenyu X, kartie Y
>
> Bwana Burugumestre,
>
> Sisi wakaaji 86 wa avenyu X, kwa heshima, na kwa kufuata kifungu cha 27 cha Katiba ya 18 Februari 2006, tunakuletea ombi hili.
>
> Tarehe 19 Aprili tulipima avenyu yetu kutoka kona ya A mpaka kona ya B: mita 420, upana mita 6. Tumehesabu mashimo 63. Kubwa lao lina kina cha sentimita 22. Kuanzia mita ya 150 mpaka ya 240 lami ina nyufa zilizoshikana, msingi umelainika. Kanivo ya kushoto imeziba kabisa.
>
> Barabara hii inapitwa na wanafunzi wa shule mbili na wagonjwa wanaokwenda kituo cha afya.
>
> Tunaomba: (1) fundi aje kuiona barabara ndani ya siku 30, (2) mashimo yazibwe na kanivo izibuliwe kabla ya mvua za Oktoba, (3) kazi ya msingi na lami mpya iingizwe katika bajeti ya mwaka ujao.
>
> Sisi tutafanya salongo ya kuondoa takataka kwenye kanivo siku tutakayopangiwa.

Angalieni yale maombi matatu. La kwanza halina gharama kubwa, kwa hiyo ni vigumu kulikataa. La pili ni dogo na lina tarehe. La tatu ndilo mnalolitaka hasa. Mkiomba la tatu peke yake mnampa mkubwa nafasi ya kusema "hakuna pesa" mara moja, na mazungumzo yamekwisha.

Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine; mamlaka inajibu ndani ya miezi mitatu; na mtu hawezi kushitakiwa kwa kuwa ameleta ombi hilo. Kitajeni mara moja, kwa utulivu. Msikipige kama ngoma.

Mstari wa salongo (kazi ya pamoja ya kujitolea) nao si mapambo. Unaonyesha kwamba hamjakaa kungoja tu. Ila msiahidi msichoweza: niliwahi kuona kamati imeahidi mchanga lori tatu, na siku fundi alipouliza mchanga uko wapi, watu wakaangaliana.

Chini ya barua orodhesheni nakala: meya wa mji, OVD, konseye (madiwani) wa komine waliochaguliwa Desemba 2023, shefu wa kartie. Kama kuna bomba au nguzo njiani, ongezeni REGIDESO (shirika la maji) na SNEL (shirika la umeme).

## Hatua ya 5: Kuiweka ofisini

Pelekeni wenyewe, watu wawili, asubuhi. Mkabidhi sekretaria nakala ya kwanza, na mkononi mbaki na nyingine inayofanana nayo. Hiyo ya kwenu ipigwe muhuri, iandikwe tarehe na nambari ya kuingia. Karani mmoja mzee alinifundisha zamani: "Papa, barua bila nambari haiko barua."

Mkiambiwa "acheni hapa, nambari itakuja", ngojeni. Kaeni kwenye benchi. Kama mnaombwa matabishi (kitu kidogo) ili muhuri upatikane, ulizeni kwa sauti ya kawaida kama kuna risiti yake. Mara nyingi muhuri unaonekana.

Siku hiyo hiyo pelekeni nakala nyingine zote, na kila moja igongwe muhuri. Halafu andikeni kwenye jalada la farde tarehe mbili: ya kuingia, na ya miezi mitatu baadaye. Iliyoingia 14 Mei, siku yake ni 14 Agosti.

## Hatua ya 6: Kufuata

Rudini baada ya siku 15. Msiulize "mmefikia wapi", mtajibiwa "iko njiani". Ulizeni: "Barua nambari fulani, iko kwa nani sasa, na burugumestre ameandika nini pembeni?" Mkubwa akisoma barua huandika pembeni huduma gani iishughulikie. Mkijua imeandikwa "urbanisme", mnakwenda mlango huo moja kwa moja.

Kisha kila baada ya wiki tatu. Watu walewale wawili, daftari lilelile. Hakuna kupiga kelele. Mnakuwa tu wageni wanaojulikana, ambao kila mtu anajua watarudi Jumanne.

## Hatua ya 7: Siku fundi anapokuja

Asikutane na umati. Watu wanne wanatosha, na mmoja tu ndiye anayesema. Mpeni ukurasa wa vipimo, mwanzie palipo pabaya kuliko pote, na mtembee naye mpaka mwisho wa barabara hata akisema ameona.

Mwombeni aangalie maji yanaelekea wapi. Barabara nzuri ina mgongo kidogo katikati ili maji yateleze pembeni, na pembeni pawe na kanivo inayoteremka kuelekea mahali fulani. Kanivo isiyo na mwisho ni birika.

Mkifaulu: ametoa mita yake mwenyewe na kupima tena. Akipima ujue ataandika. Ulizeni devi (makadirio ya gharama) itapelekwa kwa nani na lini, mwandike.

## Hatua ya 8: Bajeti

Mwaka wa bajeti unaanza 1 Januari. Kwa hiyo kati ya Agosti na Novemba mtafuteni konseye wenu wa komine mkiwa na devi, si na malalamiko. Muulizeni swali moja: avenyu X imeandikwa kwenye mradi wa bajeti, ndiyo au hapana? Kama kazi inaizidi komine, aombe ipandishwe kwa mji au kwa jimbo.

Msije mkachanganya: kuandikwa kwenye bajeti si kulipwa. Ni mlango wa kurudi Februari mkiwa na karatasi mkononi.

## Kimya, au "hapana"

Miezi mitatu ikipita bila jibu, andikeni barua ya pili, fupi: tarehe, nambari ya ile ya kwanza, kifungu cha 27, nakala yake nyuma. Safari hii iende kwa meya, nakala kwa gavana wa Haut-Katanga na kwa wabunge wa jimbo wa eneo lenu. Redio za mji nazo zinapenda watu wenye vipimo.

Kuchoma matairi na kufunga barabara sikushauri. Moto unayeyusha lami ileile mnayoililia, na kuanzia siku hiyo faili lenu linahamia polisi.

Wala msijaze mashimo kwa vipande vya matofali na takataka za ujenzi. Matofali yanasagika, maji yanabaki chini, shimo linapanuka. Kama lazima mjisaidie kiangazi, ondoeni maji na udongo laini mpaka pagumu, wekeni laterite (udongo mwekundu mgumu) yenye kokoto kwa tabaka za sentimita 10, mshindilie kila tabaka. Na wale watoto wanaomwaga udongo kwa pauro (sepetu) huku wakiinyooshea mikono kila gari, mnajua wenyewe: usiku udongo unatoka ili kesho kazi iwepo.

## Kazi ikianza, msiende kulala

Kwenye kuziba, angalieni haya: kingo za shimo zikatwe wima mpaka lami ngumu, vumbi na maji vitolewe, bitumeni ipakwe chini na pembeni, lami iwekwe kwa tabaka na kushindiliwa. Lori linalomwaga lami ndani ya shimo lenye maji halafu likapita juu yake kwa tairi linawapa ninyi miezi miwili.

Kwenye lami mpya, kanivo na mabomba vitangulie. Chomekeni kijiti chenu lami ikiwa bado moto, pembeni, muone unene unakaribia ulioandikwa kwenye devi. Ukipungua, msibishane na wafanyakazi, hao wanafuata amri. Pigeni picha, andikeni saa, mpelekeeni fundi wa ofisi siku hiyo hiyo.

Halafu ngojeni mvua kubwa ya kwanza. Ikianza kupiga mabati, mmoja wenu achukue mwavuli atembee avenyu nzima na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, aandike kwa kila kipande cha mita 10 maji yamekwenda wapi. Yanaposimama kwa zaidi ya saa moja baada ya mvua kukatika, hapo ndipo shimo la kwanza litafunguka, na barua yake iandikwe wiki hiyo, mkandarasi akiwa bado anakumbuka njia ya kwenu.